Huko chini hakuna sare

*Shavu langu la ndani la uke, la kushoto, limelizidi la kulia na linachomoza nje. Nina miaka 24. Nikatwe?*

Ukatwe kwa kosa gani? Mwaka 2005 madaktari wa London waliwapima wanawake 50 wazima. Upana wa mashavu ya ndani ulianzia milimita 7 hadi 50, urefu milimita 20 hadi 100. Mwaka 2018 Uswisi ikapima 657, tofauti zikawa tele vilevile. Nyama hiyo ina mishipa ya fahamu. Ukiikata unaweza kubaki na kovu, maumivu au ganzi. Kama inakubana ukivaa suruali au ukiendesha baiskeli, hilo tutalizungumza. Kama imekuudhi baada ya kutazama picha mtandaoni, ujue picha nyingi zimehaririwa.

*Tendo la ndoa hurefusha mashavu?*

Halirefushi. Anayekwambia hivyo anakutafutia aibu.

*Ngozi ya huko ni nyeusi kuliko mapaja. Nipake nini?*

Usipake kitu. Ni homoni za balehe, na ujauzito huongeza. Krimu za kung'arisha zitakuunguza. Doa jipya jeusi linalotanuka, au lenye kingo zisizo sawa, hilo lionyeshe daktari.

*Nimejipiga picha kwa simu, nikaona vipele laini mlangoni mwa uke. Rafiki anasema ni masundosundo, vile vinyama vya zinaa.*

Rafiki yako amesomea wapi? Chukua kioo, kaa penye mwanga. Vipele laini vya rangi ya waridi, vilivyojipanga pande zote mbili, kila kimoja na shina lake kama meno ya kitana, ni umbile tu. Masundosundo hukaa ovyo, ni magumu kidogo, na vichwa kadhaa huchangia shina moja kama koliflawa. Vitone vya manjano vidogo kama chembe za mchanga ni tezi za mafuta. Wekundu kidogo mlangoni, bila maumivu wala muwasho, nao huonekana kwa wazima wengi.

Na siki ya kujipimia masundosundo muiache! Ngozi isiyo na ugonjwa nayo huweza kuwa nyeupe ikipakwa siki, kwa hiyo haithibitishi chochote. Nimempokea mwanamke aliyebabuka kwa dawa ya masundosundo ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kidonda kilikuwa cha dawa.

*Mchumba anataka nipimwe bikira.*

Hakuna kipimo. Vizinda, yaani utando wa mlangoni mwa uke, vina maumbo mengi, vingine hutanuka bila kuchanika. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitaka upimaji huo ukomeshwe. Mchumba huyo mtazame vizuri.

*Sabuni gani nzuri ya kuoshea ndani?*

Jamani, tena? Hakuna! Ndani hujisafisha kwenyewe, kuna asidi ya pH (kipimo cha uchachu) 3.8 hadi 4.5. Nje, maji yatosha.

*Nina miaka 58. Muwasho haunipi usingizi, ngozi imekuwa nyeupe na kukunjamana kama karatasi, mashavu yanapotea. Naona haya kusumbua watu.*

Mama, wewe ndiye wa kusumbua watu, wiki hii hii. Huenda ni laikeni sklerosasi, ugonjwa wa ngozi. Hutulizwa kwa mafuta makali ya steroidi, lakini ikiachwa hukaza mlango wa uke, na kwa wachache huzaa saratani. Ukipewa dawa ya fangasi bila kutazamwa, usiondoke. Omba upande kitandani, taa iwashwe, watazame.