Taa za tela zikikusumbua, anza na ethi

Jioni moja nimeshapita Mnazi Mmoja, nimeishika barabara ya Masasi na makasha manne ya samaki kwenye barafu, dereva wa lori nyuma yangu akanimulika mpaka nikasimama. Nilidhani anakuja kunigombeza. Alishuka anacheka.

"Mjomba, ukikanyaga breki tela lako linakonyeza macho yote mawili. Unakata kulia au kushoto?"

Alikuwa muungwana, akakubali kukaa nyuma yangu mpaka Mtama. Lakini lililoniuma ni kwamba mwezi ule nilikuwa nimeshalipa fundi mara tatu kwa taa zilezile. Kila nikienda anabadilisha balbu, taa zinawaka pale gereji, nashukuru, naondoka. Nikifika Ndanda zimeshazimika.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi umeme wa magari, hapa hapa Mikindani. Hakugusa balbu hata moja. Alichukua waya mrefu, ncha moja akaibana kwenye hasi ya betri ya pikapu, ncha nyingine akaigusisha kwenye chuma cha holda ya taa ya nyuma ya tela, akaniambia nikanyage breki. Taa ikawaka kali kama mpya. Akauondoa waya, taa ikarudi kuwa nyekundu ya makaa yanayozima. "Umeme kwenda unakwenda," akasema, "hauna pa kurudia."

Ngoja nieleze hapo, maana ndipo pesa zangu zote zilipopotelea. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani: ya wati 5 kwa taa ndogo, ya wati 21 kwa breki. Zote mbili zinarudisha umeme kwa njia moja, ethi, yaani njia ya kurudi kwenye hasi ya betri. Ethi ikioza, umeme wa breki unatafuta uchochoro: unapita kwenye uzi wa taa ndogo, unaingia waya wa taa nyingine, unatokea kwenye indiketa. Ndiyo maana unakanyaga breki na indiketa zinawaka kwa kufifia, au unawasha taa ndogo na breki inakufa. Ukiona taa zinachanganyana kazi namna hiyo, balbu iache kwanza.

Na ethi yangu ilikuwa wapi? Haikuwepo. Aliyeliunda tela alitegemea kichwa cha kuvutia: chuma cha tela kinakalia mpira wa pikapu, lile tufe la chuma la nyuma, basi umeme utarudi hapo hapo. Ule mpira tunaupaka grisi usilike. Ongeza kutu, ongeza rangi, ongeza mtikisiko. Ukipita bampu unagusa, ukipita shimo unaachia. Mimi nina balaa la ziada, maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye makasha usiku kucha.

Siku hizi kila taa ya tela langu ina waya wake wa kurudi, zote zinakutana kwenye kiboksi kimoja chini ya bodi, halafu waya mnene wa milimita mraba 2.5 unakwenda mpaka kwenye plagi. Upande wa pikapu, ethi ya soketi nimeifunga kwenye chesisi kwa bolti, mahali nilipokwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, kisha nikapaka grisi juu baada ya kukaza. Nyaya nyingine za milimita mraba 1.5 zinatosha.

Plagi ya pini 7 ina mpango wake: 1 indiketa ya kushoto, 2 taa ya ukungu (wengi wetu tunaiacha wazi), 3 ethi, 4 indiketa ya kulia, 5 taa ndogo ya kulia, 6 breki, 7 taa ndogo ya kushoto. Rangi za nyaya usiziamini hata kidogo. Kwenye kebo ya tela ya mtindo wa Ulaya mweupe ni ethi na mweusi ni taa ndogo ya kushoto. Kwenye Toyota nyingi ethi ni mweupe wenye mstari mweusi. Fundi anayeunganisha kwa kufuata rangi tu anaweza kukuchomea fyuzi mchana kweupe. Mwambie atumie testa.

Hata multimita, kile kipima volti, inadanganya. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili za shaba bado utasoma volti 12 kama kawaida, kwa sababu hauna mzigo. Mpe balbu aiwashe ndipo utamjua. Mimi nawasha breki, naweka ncha moja ya multimita kwenye ethi ya taa na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikikaribia sifuri, sawa. Ikizidi nusu volti, kuna mahali pameoza.

Kusokota nyaya na kuzungushia tepu, hapana. Kwa joto letu gundi inayeyuka, tepu inajifungua, chumvi inapanda ndani ya waya hadi shaba inageuka kijani. Ukikuta kijani, kata nyuma mpaka upate shaba inayong'aa, hata kama ni shubiri nzima. Bana kiungio, vika ule mpira unaojibana kwa moto, basi. Waya unapopita kwenye tundu la chuma, weka raba.

Indiketa zikianza kupiga haraka baada ya kufunga tela, huenda si ubaya wa waya. Flasha, kile kifaa kinachowasha na kuzima indiketa, za zamani zimepimiwa balbu za gari peke yake. Ukiongeza wati 21 nyingine inababaika. Nunua flasha ya mzigo mkubwa. Gari lenye kompyuta nyingi usilikate nyaya zake za taa, weka relei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, zinazochukua umeme kwenye betri kupitia fyuzi.

Kabla ya safari nakata usukani mpaka mwisho kushoto, halafu kulia, naangalia kama kebo inavutika au inaburuza chini. Nikilaza tela, plagi naining'iniza ikitazama chini ndani ya chupa ya maji iliyokatwa kitako. Na wenzangu mnaoshusha boti kwa tela pale ufukweni: chomoeni plagi kwanza, muache balbu zipoe, ndipo mrudi nyuma majini. Balbu ya moto ikikutana na maji ya bahari inapasuka, nimezisikia mbili kwa masikio yangu, moja baada ya nyingine, kama bisi.