Rada inachanganya kukaa na kuanguka? Cheki data kwanza

Mkuu, unasema rada yako ya 60 GHz ya kutambua mtu akianguka inafanya kazi fresh ukijitest mwenyewe, ila bibi akikaa tu kitini inapiga alamu kwamba kaanguka. Usikimbilie kubadili modeli (programu iliyojifunza kutofautisha miendo), angalia kwanza umegawaje data, maana kama rekodi za mtu yuleyule ziko kwenye mafunzo na kwenye majaribio basi imekariri mwendo wake tu, toa rekodi zote za mtu mmoja nje ya mafunzo, halafu ipime modeli kwa huyo. Halafu fungua spektrogramu (picha ya kasi za mwendo kadiri muda unavyoenda) uitazame kwa macho yako: mtu akitembea kiwiliwili kinachora mstari mnene na miguu inapanda na kushuka juu yake kila hatua, kuanguka ni kasi inayopanda ghafla halafu kimya, kukaa ni kakilima kadogo ka taratibu. Kwa 60 GHz mwendo wa mita 1 kwa sekunde kuelekea rada unahamisha masafa ya mawimbi yanayorudi kwa kama Hz 400 (hapo ndo rada inasoma kasi), ila akikatiza kwa ubavu inashuka karibu na sifuri, yaani anguko la pembeni linaweza kupotea kabisa, ukiweza funga rada ya pili ukuta mwingine. Na maanguko rekodi kwa vijana wenye afya juu ya godoro, bibi mrekodi akikaa na kuinuka tu, hizo ndo unazikosa.