Si kila tuta ni moreni: kwa mnaoanza kazi Mauna Kea

Wadogo zangu, nimepitia ramani zenu za Mauna Kea, ile volkano ya Hawaii, na chai ikanipalia. Mmepaka rangi ya moreni, yaani matuta ya mawe na udongo yaliyoachwa na barafu ya kale, hata mahali ambapo barafu haikuwahi kufika. Someni haya kabla ya kupanda tena.

1. Pumzikeni Hale Pōhaku, kituo cha njiani, walau nusu saa. Pale ni mita 2,800 hivi na kilele kiko 4,207. Anayeumwa kichwa huona mikwaruzo ya barafu kwenye kila jiwe.

2. Kingo za mkondo wa lava ya aa, ile yenye uso wa miba, hufanana na moreni za pembeni kama pacha, hasa kwenye picha za angani. Mnalijua hilo kwa mtihani. Mimi nililijua kwa fedheha. Niliona matuta mawili yakishuka sambamba, nikachora ulimi wa barafu mrefu ajabu, kisha kwa kiherehere nikakokotoa na baridi ya enzi hizo. Msimamizi wangu hakubisha. Alinipeleka hadi kwenye tuta lenyewe, akaketi, akaanza kumenya chungwa, akaniambia niokote mawe yoyote. Niliokota hadi glavu zikachanika. Yote yalikuwa jiwe moja: jekundu-jeusi, lina matundu, lina miba. Chungwa likaisha, naye bado kimya. Tulipopanda kwenye moreni ya kweli nikaona tofauti bila kuambiwa: mawe ya lava za kila namna yamechanganyika, mengine yamesagwa ubavu mmoja ukawa bapa, yamezama kwenye udongo laini wa vumbi la mwamba. Barafu huzoa chochote inachopita juu yake. Basi anzeni na mawe. Umbo la tuta lifuate. Ile ramani niliichana, ingawa nasikia mtu fulani ana nakala.

3. Mikwaruzo: lava hujikwaruza yenyewe ikiteleza, na upepo wa kule hung'arisha miamba. Pimeni mwelekeo kwenye miamba kadhaa iliyo jirani, si mmoja mliopigia picha.

4. Msipige nyundo Keanakākoʻi, yale machimbo ya kale. Lava ilikutana na barafu hapo, ikapoa ghafla, ikawa mwamba mgumu wenye chembe ndogo mno, na Wahawaii wa kale wakapanda hadi huko kuchimba mawe ya tezo. Vile vilima vya vipande vyenye ncha kali mlivyoandika "kifusi cha barafu" ni mabaki ya mafundi. Kuna aliyekalia kimoja akila biskuti. Anajijua.

5. Mauna Loa, volkano jirani, kukosa moreni hakuthibitishi kwamba haikuwa na barafu. Lava changa imefunika sehemu kubwa ya mlima ule. Futeni sentensi mliyoandika kudai hivyo.

6. Kofia ya barafu ya awamu ya Mākanaka, awamu ya mwisho ya barafu mlimani hapa, ilifunika takriban kilomita za mraba 70, na kila mwaka kuna anayekokotoa mstari wa theluji wake (mwinuko ambao juu yake theluji haiyeyuki yote) kwa mwinuko wa leo wa mlima. Kisiwa kinazama milimita mbili na ushee kwa mwaka. Rudini miaka 20,000 nyuma: mlima ulikuwa juu zaidi kwa mita 50 hivi, na bahari ilikuwa chini zaidi kwa mita 120 hivi. Vyote viwili viingie kwenye hesabu. Atakayeniletea jedwali lenye marekebisho hayo kabla sijaomba, chakula cha mchana juu yangu.