Maswali ya wasomaji: Glenfiddich ya miaka 12

*Shikamoo. Nataka kununua wiski yangu ya kwanza ya single malt bila kufilisika. Nianze na ipi? (Msomaji, Mwanza)*

Marahaba. Chukua Glenfiddich ya miaka 12, ile ya chupa ya kijani yenye pembe tatu, kutoka Dufftown, Scotland. Kabla ya kunywa, inuse. Utakutana na peasi lililoiva, lile lililoanza kulainika karibu na kikonyo, kisha tufaha la kijani. Iache itulie kidogo kwenye glasi, asali na vanila nazo zitajitokeza. Mdomoni ni nyepesi, inaanza na utamu, halafu ukavu wa mbao unabaki pembeni mwa ulimi. Ukishameza, ladha haikawii kupotea. Hapo ndipo unafuu wa bei unapojionyesha, na mimi nimeukubali.

*Nikiitunza miaka mitano itakuwa ya miaka 17?*

Wapi! Umri huhesabiwa ikiwa ndani ya pipa la mwaloni. Kwenye chupa wiski haikui. Tena hiyo 12 ni umri wa ile changa kuliko zote zilizomo. Mapipa yake yalishawahi kubeba bourbon, wiski ya Marekani, au sheri, mvinyo mkali wa Hispania, na vanila unayoinusa imetoka kwenye mbao hizo. Kila mwaka kama asilimia 2 hivi ya kilichomo pipani hupotea hewani, kwa hiyo miaka unailipia. Usidhani lakini kwamba umri ndio utamu. Pipa lililochoka halikupi kitu hata likikaa miaka 18.

*Kwa hiyo single malt haichanganywi?*

Huchanganywa, pipa kwa pipa, ila yote ya kiwanda kimoja na kwa kimea cha shayiri tu. Johnnie Walker Red hukusanya wiski za viwanda vingi, za nafaka nyingine zikiwemo.

*Mjomba anaitia Coke na barafu. Nimkataze?*

Umkataze mjomba wako? Mnunulie ya bei ya chini kwa ajili ya Coke, maana peasi lote linazama humo. Barafu nayo huziba harufu. Mimi hutia maji kijiko cha chai, basi. Ina kilevi cha asilimia 40 tu, ukizidisha inapooza.

*Mbona sisikii moshi?*

Kimea chake hakikaushwi kwa moshi wa mboji (peat), ule udongo wa mimea iliyooza unaochimbwa na kuchomwa kama kuni. Ukiutaka moshi, ipo Laphroaig ya miaka 10 kutoka kisiwa cha Islay, inayonuka lami na dawa za hospitali. Naipenda sana, ila onja toti moja baa kabla hujanunua chupa nzima.