Mndimu Wako Hauna Njaa ya Urea

SWALI: Nina mndimu uani kwangu Kisauni, Mombasa. Majani machanga yanatoka ya manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Nimetia urea mara mbili, dukani nikauziwa busta ya kunyunyizia majani, na jirani ananambia nifukie misumari nitie na jivu. Nifanyeje?

JIBU: Mama, urea iache kwanza, na jivu lirudishe jikoni.

Umeshajijibu nusu uliposema majani machanga. Mti ukikosa naitrojeni huiondoa kwenye majani ya zamani ukaipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo manjano huanzia chini na jani hupauka lote, mishipa na yote. Chuma hakihamishiki hivyo. Kikishakaa kwenye jani ndio kimekaa, na jani jipya lisipoletewa chake kutoka mizizini hutoka manjano. Dalili zako ni za upungufu wa chuma, na ndani ya urea hamna chuma hata chembe.

Kila wiki naletewa jani kama hilo, na kila mara mtu keshaambiwa "ongeza mbolea". Kuongeza nini? Chuma kwa kawaida kimo udongoni. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, udongo una chokaa tele, na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali (juu ya 7 ni alkali), hupita 7.5 bila taabu. Mzizi hunyonya madini yaliyoyeyuka majini, na kwenye chokaa chuma hakiyeyuki. Ni nyumba iliyojaa mchele isiyo na kuni. Jivu linazidisha alkali ile ile. Misumari itakupa kutu, yaani chuma kisichoyeyuka, ambacho unacho tayari. DAP, ile mbolea ya kupandia, nayo ikizidi, fosforasi yake hukikaba hata hicho kidogo kilichobaki. Na kama unamwagilia maji magumu ya kisima, kinga maji ya mvua uyatumie hayo kila unapoweza.

Tafuta chuma cha kileti, yaani kilichofungwa kwa kemikali inayokifanya kibaki kimeyeyuka, chenye herufi EDDHA kwenye pakiti. Cha EDTA hupatikana kwa urahisi zaidi, ila kwenye udongo wa chokaa hakidumu. Koroga kwa kipimo kilichoandikwa, mwaga jioni chini ya kivuli cha matawi, si shinani, kisha mwagilia. Pima matokeo kwa majani yatakayochipuka. Hayo ya manjano huenda yasirudi kijani. Halafu tandaza samadi iliyooza vizuri na majani makavu. Kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, hapo Mombasa, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971 juu ya mwamba mtupu. Mivinje ikashika, majongoo wakasaga majani yake, na udongo ukaanza kujijenga. Majongoo hao hawauzwi kwenye chupa.

Sasa hiyo busta. Sisemi mbolea zote za kunyunyiza majani ni uongo. Chuma kilichonyunyizwa huweza kukijanisha jani kwa muda. Ninalolikataa ni chupa moja "ya kila ugonjwa", ya mchicha na mnazi sawasawa, anayoipendekeza mtu ambaye hajauliza hata ni majani yapi yaliyogeuka rangi. Mimea inahitaji madini 14, na kila moja lina upungufu wake na dalili zake. Kabla hujatoa pesa, geuza chupa usome nyuma: kama haikutaja madini yaliyomo na asilimia ya kila moja, irudishe rafuni.