Kabla ya kuuliza dikafu, uliza mbegu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: kati ya kahawa ya kawaida na ile iliyotolewa kafeini, msomaji huchagua ipi, na kwa nini? Mimi huchagua ya kawaida, ila iwe ya aina ya arabika, iwe kikombe kidogo, na iwe imeshanywewa kabla ya saa nane mchana. Iliyotolewa kafeini, yaani dikafu, nayo ina wenyewe, nitawafikia. Lakini swali lenu nina neno nalo, maana limesema "ya kawaida" kana kwamba ni kitu kimoja, na katika nchi inayolima kahawa kama Uganda hilo haliwezi kupita hivihivi.

Kazi yangu ni kukaanga kahawa mjini Mbale na kuiuza, kwa kilo na kwa kikombe. Buni yetu huteremka Mlima Elgon, kutoka Sironko, Bududa na Bulambuli, na hiyo ni arabika. Lakini sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda, kama asilimia 80, ni ya aina nyingine, robusta: ya Masaka, Mukono, Luweero na kwingineko. Robusta hatukuletewa na mtu. Ilikuwa ikiota yenyewe misituni huku kwetu, na Waganda walikuwa wakiitafuna muda mrefu kabla ya yeyote kufikiria kuipakia melini.

Sasa tazameni tofauti. Katika uzito wa mbegu ya arabika, kafeini ni kama asilimia 1.2. Katika robusta hupita 2, na mara nyingi hufika 2.2 au zaidi. Pima gramu 10 za unga, za kikombe kimoja, ambazo ni kijiko kikubwa kilichojaa vizuri. Za arabika zina kama miligramu 120 za kafeini, za robusta zina 220. Maji ya moto huichukua karibu yote. Kwa hiyo mtu aliyekunywa vikombe viwili vya robusta tupu amekwisha kupita miligramu 400, kiasi ambacho wataalamu wa chakula wa Marekani na wa Ulaya wanasema mtu mzima mwenye afya asikizidi kwa siku. Jirani yake aliyekunywa viwili vya arabika yuko kwenye 240 na bado ana nafasi. Wote wawili watakwambia walikunywa "kahawa ya kawaida".

Ndiyo maana mteja akija na malalamiko kwamba kahawa inamtetemesha mikono, mimi humuuliza kwanza alikunywa ipi. Mara nyingi ni ile ya unga wa kopo, ya kukoroga tu, na kahawa ya namna hiyo aghalabu hutengenezwa kwa robusta kwa sababu ni ya bei nafuu. Mtu huyo hana haja ya dikafu. Ana haja ya kubadilisha mbegu, na pengine kupunguza kikombe. Wazee wa Mombasa wanakunywa kahawa chungu siku nzima na bado wanalala, kwa kuwa vikombe vyao havizidi mafunda matatu. Sisi Uganda tumezoea magi ya chai, ile ya nusu lita, halafu tunaijaza kahawa vilevile.

Saa nayo ina neno. Mchana kutwa ubongo hujikusanyia kitu kiitwacho adenosini, na kikishazidi ndipo usingizi huja. Kafeini hukalia nafasi ya adenosini, usingizi ukapiga hodi usiitikiwe. Tena haina haraka ya kutoka: nusu yake huchukua kama saa tano kuondoka mwilini, kwa wengine pungufu, kwa wengine zaidi sana. Ukinywa miligramu 120 saa kumi jioni, saa tatu usiku bado unazo 60, na saa nane ya usiku, wakati jogoo mwenyewe amelala, bado unazo 30. Kwa robusta hesabu hiyo izidishe karibu mara mbili.

Hapo hapo niwaambie wale wanaojisifu kwamba wao kahawa ya jioni wameiacha. Wameiacha, lakini wanakunywa chai ya maziwa vikombe vitatu na chakula cha usiku. Kikombe cha chai ya rangi kina kama miligramu 40 au 50. Na vijana wa boda boda wanaokunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo, mililita 250 kwa wakati mmoja, wanapata kama miligramu 80 pamoja na sukari ya kutosha keki. Kahawa ndiyo inayobeba lawama zote, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ni nyeusi.

Tuje kwenye dikafu yenyewe. Mwaka 1819 kijana wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, alipewa mbegu za kahawa na mshairi Goethe azichunguze, na ndiye aliyeitenga kafeini. Kuitoa ndani ya kahawa ya biashara kulikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mfanyabiashara wa Bremen aitwaye Ludwig Roselius. Yeye alilowesha mbegu kwa mvuke kisha akaiosha kafeini kwa benzeni, kitu ambacho leo hakuna atakayekiruhusu karibu na chakula kwa kuwa husababisha saratani. Siku hizi njia ni nyingine: kuna dawa mbili za kuyeyusha, dikloromethani na ethili asetati, kuna hewa ya kabonidayoksidi iliyoshindiliwa hadi iwe nusu hewa nusu maji, na kuna njia ya maji matupu pamoja na mkaa maalumu unaonasa kafeini. Wanaoogopa ile dawa ya kwanza wajue kwamba huchemka kwenye nyuzi 40 tu, na kahawa hukaangwa juu ya 200. Sheria ya Ulaya hairuhusu ibaki zaidi ya miligramu 2 kwa kilo. Mimi binafsi ningenunua ya maji, lakini kwa ajili ya ladha, wala si kwa hofu.

Zote hizo hufanywa kwenye mbegu mbichi, kabla ya kukaangwa. Hili wateja wangu wengi hawalijui. Hudhani ni kitu kinachochujwa kikombeni. Tena kafeini haiishi yote. Kipimo cha Ulaya ni kwamba kahawa ya kukaanga isibaki na zaidi ya asilimia 0.1, kwa hiyo zile gramu 10 zetu zinaweza kuwa na hadi miligramu 10. Na ile iliyotolewa haitupwi. Huuzwa kwa watengenezaji wa soda na wa dawa, ili yule aliyeikimbia kwenye kahawa akakutane nayo kwenye chupa ya kola.

Mgeni mmoja kutoka Ujerumani aliwahi kutuletea kilo chache za buni iliyotolewa kafeini tumkaangie. Buni yetu ya Elgon ikiwa mbichi ina rangi ya kijani inayoelekea bluu, na ukiichota mkononi inanuka majani makavu. Ile ya mgeni ilikuwa ya kahawia tayari, kavu, haina harufu ya kusemwa. Mkaangaji huongozwa na macho: anasubiri kijani kiwe njano, njano iwe ya kahawia, kisha mlio wa kwanza, ta-ta-ta, mbegu zikipasuka. Hapa macho hayakuwa na kazi. Rangi ilikuwa imeshafika kabla ya moto, na mlio ulikuwa wa chinichini mno, ilibidi nizime redio. Ghafla ikaiva, na muda si muda mafuta yakaanza kung'aa juu ya mbegu, jambo ambalo kwa arabika yetu hulioni mpaka uikaange nyeusi kabisa. Tuliionja. Haikuwa mbaya. Ilikuwa na utamu wa mahindi ya kuchoma, nyepesi mdomoni, lakini ule uchachu wa machungwa unaotufanya tuipende kahawa ya Bugisu, yaani ya huku kwetu Elgon, haukuwepo. Kahawa kama hiyo pia huchakaa haraka baada ya kukaangwa, na ndiyo maana ile inayokaa miezi kwenye rafu za duka kuu huonja kama kadibodi. Walioionja hiyo ndio wanaoapa kwamba dikafu zote ni mbovu.

Bei nayo. Mwaka wa kahawa wa 2023/24 Uganda iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60, karibu yote yakiwa buni. Makopo ya dikafu ninayoyaona madukani huku yameandikwa kwamba yametengenezwa Ulaya. Kwa hiyo tunalipia kahawa iliyovuka bahari mara mbili, na kiwanda, na kopo. Kwa mkulima wa Bududa anayepita dukani hilo ni jambo la kuchekesha, kama ana moyo wa kucheka.

Pamoja na hayo yote, wapo ambao nikiulizwa nitawaambia: dada, kaka, chukua isiyo na kafeini. Wa kwanza ni mama mjamzito. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba asizidishe miligramu 200 kwa siku, na kikombe kimoja cha robusta tupu kimeshapita hapo. Halafu mwili wa mjamzito huchelewa mno kuiondoa kafeini. Miezi ya mwisho nusu yake inaweza kukaa hadi saa 15. Wa pili ni mtu ambaye moyo humwenda mbio au ambaye daktari wake amemwambia apunguze. Wa tatu ni mzee mmoja mteja wangu, mwalimu mstaafu, ambaye kila baada ya swala ya isha hukaa barazani na wenzake.

"Binti yangu," aliniambia, "sitafuti kuamka. Nimeamka vya kutosha. Natafuta kitu cha kushika mkononi wakati wa mazungumzo."

"Basi Mwalimu, chukua dikafu, na usimwambie mtu."

Huyo hana ubishi na mimi. Kahawa ya usiku ni ya baraza, na baraza halihitaji kafeini. Buganda nao mgeni huletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya harufu na kuanikwa, na kuikataa si adabu. Hiyo msiiogope hata ikiwa jioni: matunda mawili matatu hayafikishi kafeini ya kikombe kimoja cha chai.

Wanaobadilisha kwa ajili ya vidonda vya tumbo ndio wanaonipa shida. Kahawa huchochea asidi tumboni hata ikiwa imetolewa kafeini, kwa sababu ina vitu vingine vinavyofanya kazi hiyo. Isiyo na kafeini huwatuliza baadhi ya watu kidogo, lakini mtu anayeinywa tumboni mtupu alfajiri kisha anashangaa kifua kinaungua hajabadilisha kitu. Ale kwanza, hata kama ni kiazi kimoja. Na wale walioambiwa damu yao ni pungufu wajue kwamba kahawa, yenye kafeini au isiyo nayo, huzuia madini ya chuma ya chakula yasiingie mwilini. Wasiteremshie maharage kwa kahawa. Waitenge mbali na chakula.

Anayetaka kuhama asihame kwa siku moja. Kichwa kitamgonga kuanzia siku ya kwanza au ya pili, na kinaweza kumsumbua wiki nzima. Achanganye nusu kwa nusu, apunguze polepole.

Kwa wenzangu wauzaji, wa Kampala hasa, nina ombi. Kwenye orodha zenu mmeandika majina ya Kiitaliano mengi kuliko mimi ninavyoweza kuyatamka, lakini hamjaandika kama ni arabika, robusta au mchanganyiko, na kwa kiasi gani. Andikeni. Ni neno moja. Na mteja akiuliza dikafu, msifanye kama mhudumu mmoja niliyemwona akimpa mama mjamzito ya kawaida, kwa madai kwamba hataijua tofauti. Kama haipo, semeni haipo, mpeni maji ya tangawizi.