Kunyanyua bodi ya Samurai nyumbani, yale ambayo sikuambiwa kabla sijashika spana

Wakuu, hii ni kwa nyie mnaoanza, mliopata kaSamurai au Hilux ya zamani kwa bei ya kutupwa na sasa mnaangalia picha za magari yaliyonyanyuliwa mpaka usingizi hampati. Mimi yangu ni Suzuki Samurai SJ413, ile ya injini 1300, niliinyanyua bodi inchi mbili hapa nyumbani Arusha, uani kabisa, tukiwa wawili na mdogo wangu na jeki mbili, moja ya kuazima. Nilipanga wikendi moja, zikaenda tatu. Na sio kwamba kunyanyua bodi ni kugumu, kunyanyua kwenyewe ni kama lisaa limoja tu. Kilichokula wikendi zangu ni vile vitu vinavyopita kati ya bodi na chesisi, yaani ile fremu ya chuma ya chini. Gari la chesisi ni kama magari mawili yamelaliana, la chini lina injini, gia boksi, difu (lile boksi la meno katikati ya ekseli), tanki na matairi, la juu lina viti, usukani, pedeli, rejeta na betri, sasa haya mawili yanaongea kwa kebo, mipira, paipu na nyaya, na vyote vilikatwa kiwandani kwa umbali ule ule wa zamani. Ukiweka spesa, yaani vipande vya kuinulia, za inchi mbili katikati umetenganisha watu waliozoea kushikana mikono.

Kwahiyo kabla hujanunua hata bolti moja, lala chini ya gari na tochi. Angalia kwanza kama lina chesisi kweli, maana kuna watu wananiuliza kuhusu RAV4 na X-Trail, hizo hazina, bodi ndio chesisi, hakuna cha kutenganisha hapo. Pajero zile za miaka ya tisini zina chesisi ila kuanzia muundo wa 1999 hazina tena. Escudo za zamani sawa, ila ile iliyotoka 2005 chesisi imeunganishwa moja kwa moja na bodi. Hilux, Surf, Land Cruiser 70, Samurai, hizo hamna shida.

Afu jiulize unanyanyua kwa ajili gani. Hapa ndipo wengi wanajidanganya na mimi nilikuwemo. Kunyanyua bodi hakuongezi hata milimita moja chini ya difu. Difu iko kwenye ekseli, ekseli iko kwenye tairi, bodi ikipaa difu inabaki pale pale ilipokuwa inakwaruza mawe. Faida yake ni nafasi ya kuweka tairi kubwa bila kula madigadi, basi. Mimi nilikuwa na 205/70R15, kipenyo chake ni kama milimita 668, nikaenda 235/75R15 ambayo ni kama 733. Tofauti ni 65 ila difu inapanda nusu yake tu, milimita 33 hivi, upana wa vidole viwili. Kazi yote ile ni kwa ajili ya vidole viwili. Mimi naona inalipa kwa sababu napita sana njia za udongo mweusi kipindi cha mvua na vile vidole viwili ndio vinakutoa kwenye makorongo ya malori, ila wewe kama unaenda mjini na kurudi, bora ununue tairi zuri saizi ile ile na hela nyingine ufanye mambo ya maana.

Spesa usichonge za mbao. Najua kuna mtu atakuambia mninga haufi. Mbao inanyonya maji, inapasuka kwenye tundu la bolti na siku moja kona moja ya bodi inashuka. Wala usikate vipande vya paipu, mdomo wa paipu ni mwembamba unakula bodi taratibu. Mimi nilinunua nailoni ya mche, ile nyeupe nzito, nikaenda kuichongesha mtaa wa Unga Limited kwa mzee mmoja mwenye mashine za kuchonga vyuma, kila moja kimo milimita 50, na upana wa uso usiopungua ule wa raba yenyewe ya mauntingi, zile raba ambazo bodi inakalia juu ya chesisi. Aluminiamu nayo ni nzuri ila bei imechangamka. Na usipange spesa mbili juu ya nyingine ili upate urefu, chonga moja ya kimo unachotaka. Inchi mbili inatosha kwa kagari kadogo, wanaoenda tatu na nne wanajua wenyewe wanachokitafuta.

Bolti sasa. Bolti mpya iwe urefu wa ile ya zamani ukijumlisha kimo cha spesa, na kichwani iwe imegongwa 8.8, hiyo ni alama ya uimara wa chuma, au zaidi ya hapo. Usishawishike na zile fimbo ndefu za uzi unazokata mwenyewe kwa msumeno, nyingi ni chuma laini na hapo ndio bodi yako yote na watoto ndani inaning'inia. Na raba za mauntingi badilisha kabisa ukiwa umeshafungua, zangu zilikuwa zimekauka kama maganda ya muwa, nilizibonyeza kwa kidole zikamomonyoka.

Siku nne kabla ya kazi anza kupuliza WD-40 kwenye kila bolti, asubuhi na jioni. Mimi nilipuliza mara moja tu nikaona nimemaliza, adhabu yake ikaja kwenye bolti mbili za nyuma. Kwenye yangu hizo nati zake zimechomelewa ndani ya bodi, huzioni. Nikaweka soketi, nikavuta, bolti ikazunguka vizuri kabisa, laini, nikafurahi kweli, nikaendelea kuzungusha kama dakika nzima halafu nikagundua haishuki. Ilikuwa inazunguka pamoja na nati yake, ile nati imeshang'oka kwenye weldi huko ndani kwa kutu. Dawa yake ni kung'oa kapeti, kupima kutokea chini, kukata kidirisha kwenye sakafu kama saizi ya kiganja, unashika nati kwa plaizi ya kubana mwenzako anafungua chini, afu baadae unachomelea bati juu na kupiga rangi. Sasa sikiliza hapa, nyuma pale ndio tanki la petroli lilipo na mpira wake wa kujazia. Cheche za grenda na mvuke wa petroli sio marafiki. Sisi tulishusha tanki kabisa tukalipeleka mbali upande wa pili wa nyumba ndio tukawasha grenda, mdogo wangu kasimama na ndoo ya mchanga. Ilituchukua Jumamosi nzima hiyo kitu, ila bado tuna nyusi.

Kunyanyua kwenyewe ni hivi. Gari sehemu tambarare, mawe kwenye matairi, betri toa nyaya zote. Legeza bolti zote pande zote mbili, ila toa za upande mmoja tu, upande mwingine ziache zimeshika nyuzi kadhaa ili bodi isikuhame. Jeki iwekee ubao mrefu mnene chini ya ule ukingo wa chini ya milango, usiweke jeki kwenye bati la sakafu litabonyea kama sufuria. Panda kidogo, simama, zunguka gari lote uangalie nini kinavutika, panda tena. Na kati ya bodi na chesisi kuwe na vipande vya mbao wakati wote, vidole usiingize humo hata kama spesa imekaa vibaya, isukume kwa bisibisi. Raba inabaki kwenye kikombe chake juu ya chesisi, spesa inakaa juu ya raba, bodi juu ya spesa. Usikaze yoyote mpaka zote ziwe zimeingia, ukikaza mapema zile za mwisho matundu hayatakutana na utaanza kutukana watu.

Kabla hujapandisha tenganisha stelingi, na kabla ya kutenganisha piga alama ya rangi kwenye shafti na kwenye jointi yake, la sivyo usukani utakaa upande wakati tairi zimenyooka. Boksi ya stelingi iko kwenye chesisi, usukani uko kwenye bodi, kwahiyo shafti ile inakuwa fupi. Meno yanaweza yakashika kidogo pale mwishoni ukaona inatosha, haitoshi, meno yaingie yote kwenye jointi na bolti yake ipite kwenye nafasi yake. Tafuta kipande cha kuongezea kilichochongwa na meno yake kwa kazi hiyo. Kuna fundi alinishauri tukate shafti katikati tuweke kipande cha nondo tuchomelee, dakika ishirini tu kaka. Nilimshukuru nikaondoka. Kwenye hili mimi sina utani, kitu kingine kikikatika utasimama njiani, hiki kikikatika wewe ni abiria kama wengine.

Paipu za breki za chuma zinazotoka kwenye masta kushuka chesisi, zikunjue taratibu kwa mkono zipate urefu, ukiona zimekaza kama uzi wa gitaa weka mpira mrefu zaidi, usisubiri. Mpira wa kujazia mafuta nao utahitaji kuongezwa. Hendibreki ukimaliza itakuwa imejivuta yenyewe, ilegeze kule kwenye nati yake, mimi nilisahau nikaendesha kilomita kama sita nikisikia harufu, nikadhani ni ya gari la mbele.

Feni ndio wengi inawatia hasara. Rejeta imepanda na bodi, feni imebaki na injini, kwahiyo ukingo wa chini wa kava la feni unakuja kukutana na mapanga. Ukiwasha bila kuangalia utasikia kelele moja tu na vipande vya plastiki vimetapakaa. Toboa matundu mapya ushushe rejeta milimita zile zile 50, au kata kava kwa chini, ila zungusha feni kwa mkono mizunguko kadhaa kabla ya kugusa ufunguo. Leva ya gia na ile ya transfa, ya kuingiza fowili, nazo zinakuwa zimezama, ingiza gia zote gari likiwa limezimwa, hasa 4L, ile fowili ya taratibu yenye nguvu. Yangu ilikuwa inagusa ukingo wa tundu la sakafu, inaingia ila haiingii mpaka mwisho, nikaja kujua kwenye mteremko wa mawe ilipochomoka yenyewe. Ongeza tundu, usibishane nayo.

Sasa nije kwenye aibu yangu kubwa. Nimemaliza, nimerudisha betri, majirani wamesimama, nikapiga stata. Ikazunguka kichovu mara moja, ikakwama, mdogo wangu akapiga kelele moshi! Moshi ulikuwa unatoka kwenye kebo ya eksileta, ile nyembamba inayoenda kwenye kabureta. Tukachomoa betri haraka, nikakaa chini. Nimehangaika robo saa nikitafuta hiyo kebo inahusiana nini na stata, mpaka nikagusa waya wa athi, ule wa negativu, unaotoka betri kwenda kwenye injini, ukabaki mkononi. Betri ilipanda na bodi, injini ikabaki chini, waya ukavutika ukakatika ndani ya ngozi yake, kwa nje unaona mzima kabisa. Umeme wa stata ni mwingi na lazima urudi betri kwa njia yoyote, ukakuta njia pekee ya chuma kati ya injini na bodi ni ile kebo. Ikageuka hita. Waya mpya mnene wa athi na mwingine wa injini kwenda bodi ni vitu vya bei ndogo kuliko kebo niliyoichoma, weka mirefu tangu mwanzo, iwe imelegea.

Barabarani nenda taratibu wiki ya kwanza. Samurai ni fupi na nyembamba, hata kabla ya kunyanyuliwa ilishakuwa na jina la kupinduka, Marekani mwaka 1988 jarida la watumiaji, Consumer Reports, liliiponda kwamba inapinduka kirahisi, Suzuki wakafungua kesi 1996 ikaja kuisha kwa maelewano 2004. Nani alikuwa sahihi sijui mimi, ninachojua yangu kwenye kona sasa inalala zaidi na upepo wa malori naupata. Taa za mbele zishushe, umezipandisha zaidi ya sentimita nane ukijumlisha na tairi, unawapiga watu machoni. Spidi mita nayo inadanganya, kwa zile tairi zangu ni karibu asilimia 10, yani inasoma 50 wewe uko 55, trafiki wa tochi ya kupima spidi kachuchumaa kwenye kichaka hasikilizi habari za kipenyo, ni faini ya elfu 30 yako. Bolti zikaze tena baada ya kilomita 100, afu tena kwenye 500, zangu karibu zote zilikubali kidogo mara ya kwanza.

Kitakachobaki ni uwazi, bampa iko chini bodi iko juu, ukitazama kwa pembeni unaona chesisi yote na ng'ambo ya pili. Watu wanaziba kwa mikanda ya raba. Mimi bado sijaziba, na kuku wa jirani wameshaona pale ni kitanda, kila asubuhi kabla ya kuwasha napiga kofi bampa mara mbili nasubiri watoke.